Sauti ya Mvita na Masikio ya Garsen: Redio ya Muziki ya Mwambao katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili imezoea kuandikwa kwa kufuata miswada, vitabu na majina ya watunzi. Mhakiki humfuata Muyaka mjini Mombasa, humfuata Mwana Kupona katika Siu na Pate, kisha huvuka hadi Tanga kwa Shaaban Robert. Katika safari hiyo redio hutajwa kwa kupita tu, kama chombo kilichobeba tungo zilizokwisha kuwapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba redio ya muziki katika mwambao wa Kenya ilikuwa zaidi ya chombo. Iliteua na kuhariri, na katika kuteua iliweka mpaka baina ya sauti zilizohesabiwa kuwa fasihi na sauti zilizoachwa kuwa kelele za mashambani.

Ili mpaka huo uonekane, haitoshi kusimama Mombasa, mahali sauti ilipotoka. Ni lazima pia kusimama mahali ilipofika, au iliposhindwa kufika. Kwa sababu hiyo makala haya yanakitazama kituo cha Sauti ya Mvita na warithi wake kutoka Garsen, mji mdogo ulio kilomita takriban 110 kaskazini ya Malindi, katika delta ya mto Tana. Hoja ya msingi ni kwamba katika historia ya utangazaji wa Kenya, Tana ilichukuliwa sauti mara kadhaa, lakini ni nadra ilipopewa nafasi ya kusema. Jambo hilo limeathiri namna wahakiki wanavyoufahamu ushairi wa mwambao wenyewe.

2.0 Mpaka wa ukanda na mpaka wa mawimbi

Utangazaji nchini Kenya ulianza mwaka wa 1928, na kwa muda mrefu ulikuwa burudani ya walowezi. Waafrika, Waarabu na Waswahili walipewa nafasi halisi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, serikali ya kikoloni ilipoona haja ya kuwafikia kwa lugha zao. Katika miaka ya 1950 kulikuwa na vituo vya majimbo, na cha mwambao kilikuwa Mombasa kwa jina la Sauti ya Mvita. Jina lenyewe lilikuwa na maana yake. Mvita ni jina la kale la Mombasa, nalo ndilo lililokipa jina Kimvita, lahaja ya Muyaka. Tangu mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928, Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikasukumwa pembeni katika vitabu vya shule. Hivyo basi, kituo kilichojiita kwa jina hilo kilikuwa kimerudisha hewani, walau kwa jina, heshima iliyokuwa imepotea darasani.

Kipindi hicho kilikuwa cha mashindano makali ya masikio. Redio ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka wa 1954, ikiwashambulia wakoloni waziwazi, na BBC ikaanzisha idhaa yake ya Kiswahili mwaka wa 1957. Wakati huohuo Mombasa ilikuwa na mjadala wa Mwambao, yaani kama ukanda wa pwani uliokuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar ungejitenga au ungeungana na Kenya huru. Tume ya Robertson ililichunguza suala hilo mwaka wa 1961, na makubaliano ya Oktoba 1963 yakauingiza ukanda huo katika Kenya. Kwa mintarafu ya hali hiyo, kituo cha mwambao kilichopiga nyimbo za mwambao kilikuwa pia kikijibu swali la kisiasa: ni nani hasa wa mwambao?

Jibu la kisheria lilikuwa limeandikwa zamani. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka wa 1886 yaliutambua ukanda wa Sultani wenye upana wa maili 10, ambao upande wa kaskazini uliishia Kipini, penye mlango wa mto Tana. Garsen iko bara zaidi ya maili hizo. Kwa hiyo mto huo, ambao ni mrefu kuliko yote nchini Kenya na una urefu wa kilomita zipatazo 1,000, uliingia katika ramani ya Uswahili kwa mdomo tu, kiwiliwili kikabaki nje. Mpaka huo wa karatasi ulifutwa mwaka wa 1963, lakini katika fikra za watangazaji, na za wahakiki pia, uliendelea kuishi.

3.0 Redio kama mhariri wa ushairi

Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), amesisitiza kwamba ushairi wa Kiswahili ni sanaa ya kuimbwa kabla ya kuwa sanaa ya kusomwa. Kama rai hiyo inakubalika, basi redio na sahani za santuri zinastahili kuhesabiwa miongoni mwa matini muhimu za ushairi wa karne ya 20. Mjini Mombasa viwili hivi vilikwenda pamoja. Duka la Assanand lilirekodi na kuuza nyimbo za taarabu kwa nembo ya Mzuri, na redio ikawa dirisha la kuzisikiza. Kwa njia hiyo hadhira ya mwambao ilipata kuwajua Juma Bhalo aliyevaa lahani za filamu za Kihindi, Zein l'Abdin wa Lamu aliyeshika udi, Maulidi Juma, na Zuhura Swaleh aliyeipa sauti ya kike nguvu mpya katika taarabu na chakacha.

Nyuma ya sauti hizo walikuwapo watunzi. Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita (1971), alimtungia Juma Bhalo mashairi mengi. Ahmad Sheikh Nabhany, mtaalamu wa Lamu, alishirikiana na Zein l'Abdin. Mashairi hayo yalikuwa na vina, mizani na mafumbo yaleyale yaliyofunzwa na kanuni za kale. Mtu asiyejua kusoma aliyasikia, akayahifadhi, akayatumia barazani kumjibu jirani. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka wa 1982, aliiita hali ya namna hii usemi wa pili, yaani usimulizi unaorejea kwa nguvu za umeme katika jamii iliyokwisha kujua kuandika. Katika mwambao, hata hivyo, usemi wa kwanza ulikuwa haujaondoka. Redio ilijiunga na barazani na harusini, na mara nyingi ilipata wimbo baada ya harusi kuupima.

Lakini uhariri una masharti yake. Kwanza kulikuwa na muda. Uso mmoja wa sahani ya santuri ya zamani ulibeba dakika tatu hivi. Wimbo wa harusini uliozoea kurefushwa kwa tuzo, kwa vigelegele na kwa ubeti wa papo kwa hapo ulilazimika kukatwa. Pili, kulikuwa na umiliki. Redio ilimtaja mwimbaji, na mara nyingi ikamwacha mtunzi bila jina, ilhali katika jadi ya mashairi mtunzi hujitaja ndani ya beti zake za mwisho. Tatu, kulikuwa na uteuzi wa aina. Wimbo uliokuwa na ala, kiongozi na ubeti wa vina uliingia studio kwa urahisi. Wimbo wa kazi, wa kulinda ndege shambani au wa kubembeleza mtoto, usio na mwimbaji rasmi wala mwisho unaojulikana, haukuwa na mlango wa kuingilia. Sharti hili la tatu ndilo linalouleta mjadala huu mtoni.

4.0 Sauti zilizotoka Tana

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Tana ya chini ilikuwa kimya au kwamba ilikuwa mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Mapokeo ya Fumo Liongo, shujaa na mshairi ambaye Muhamadi Kijumwa alimtungia utendi mwaka wa 1913, yamefungamana na eneo hilo, na kaburi lake huonyeshwa karibu na Kipini. Wapokomo, wakulima wa kingo za mto, nao wana masimulizi juu ya Liongo. Waorma, wafugaji wanaosema lugha ya jamii ya Kioromo, wana nyimbo za ng'ombe na za sifa ambazo hazijapata kuchunguzwa vya kutosha na wanafunzi wa fasihi ya Kenya. Katika soko la Garsen makundi haya, pamoja na Wagiriama, Wabajuni, Wawardei, Wawaata na Wasomali, hukutana kwa Kiswahili. Kiswahili cha Garsen, kwa hiyo, ni lugha ya maafikiano kabla ya kuwa lugha ya utambulisho.

Hata hivyo, historia ya sauti zilizotoka huko ni historia ya kuchukuliwa. Mfano wa kwanza ni wa kabla ya redio. Ngadji, ngoma kubwa takatifu ya Wapokomo iliyokuwa chini ya ulinzi wa wazee wa gasa, ilichukuliwa na maafisa wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na imehifadhiwa katika British Museum mjini London. Wazee wa Wapokomo wamekuwa wakidai irudishwe. Kwa jamii yenyewe ngadji ilikuwa sauti ya mamlaka, iliyosikika kwa nyakati maalumu na kwa watu maalumu. Katika bohari ya makumbusho imekuwa kitu cha kutazamwa, na yaliyobaki ni gogo na ngozi bila tukio la kuipigia.

Mfano wa pili ni Hola. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 wa vita vya Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, kandokando ya Tana. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulifichuka, ukajadiliwa katika Bunge la Uingereza, na jina la Hola likasikika katika idhaa za dunia. Huenda jina la mahali lolote la Tana halijapata kutangazwa kwa wingi kama hilo. Lakini aliyelitamka alikuwa msemaji wa mbali, awe wa serikali au wa upinzani, na mtu wa mtoni hakuwa na kipaza sauti cha kueleza kilichotendeka jirani na shamba lake.

Mfano wa tatu ndio wenye uzito mkubwa zaidi kwa mhakiki wa fasihi. Mwaka wa 1963 jopo la wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, lilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa la Kenya. Lahani waliyoiteua ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Maneno mapya yakatungwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Tangu Desemba 1963 lahani hiyo imekuwa ikipigwa redioni vipindi vikifunguliwa na vikifungwa. Kwa maana hiyo hakuna wimbo uliopata nafasi ya hewani nchini Kenya kuushinda wimbo wa akina mama wa Tana.

Kilichotokea hapo ni badiliko la utanzu. Wimbo wa bembea una hadhira ya mtu mmoja, naye hajajua maneno. Huimbwa ili mtoto alale. Wimbo wa taifa huimbwa ili watu wasimame. Lahani ilibaki, lakini mwimbaji, lugha, wakati na kusudi vyote vilibadilishwa. Si lazima badiliko hilo lihesabiwe kuwa dhuluma, kwa kuwa Wapokomo wengi wanajivunia mchango huo, na taifa changa lilihitaji sauti isiyokuwa ya kabila lenye nguvu. Tatizo ni pungufu lililofuata. Taifa lililochukua lahani halikuona haja ya kuuliza juu ya maneno. Katika mafunzo ya fasihi simulizi wimbo wa bembea wa Wapokomo hutajwa kama asili ya wimbo mwingine. Ni nadra kuchambuliwa kama utungo wenye taswira, lugha na muktadha wake.

5.0 Baada ya uhuru: taifa moja, idhaa moja

Mwaka wa 1964 shirika la utangazaji lilitaifishwa likawa Sauti ya Kenya, chini ya wizara. Utaratibu wa vituo vya majimbo ulimezwa na idhaa ya taifa, na Mombasa ikabaki mahali pa kutengenezea vipindi. Kwa msikilizaji wa Garsen badiliko hili lilikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja, redio za transista za betri zilienea katika miaka ya 1960 na 1970, na mawimbi ya kati, ambayo hufuata uso wa ardhi mchana na kuakisiwa na tabaka za juu za anga usiku, yaliweza kufika mbali. Kwa upande mwingine, kile kilichofika kilizidi kutungwa Nairobi.

Katika mpango huo mlango uliokuwa wazi kwa miji midogo ulikuwa vipindi vya salamu. Msikilizaji aliandika kadi, akataja jina lake, mahali alipo na watu anaowasalimu, kisha akaomba wimbo. Wahakiki wameudharau utanzu huu, ilhali una kanuni zake: majina ya kujipachika, methali, mafumbo ya mapenzi na mpangilio wa heshima kuanzia wazazi hadi rafiki wa shule. Kwa watu wengi salamu hizo zilikuwa utungo wao wa kwanza na wa mwisho kusomwa hewani. Jina la mji mdogo lilisikika nchi nzima kwa sekunde chache, kisha ukafuata wimbo wa mahali pengine.

Mwaka wa 1980 Sauti ya Kenya ilitoa agizo kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Agizo hilo liliondolewa haraka baada ya malalamiko. Kwa kawaida tukio hili husimuliwa kama ushindi wa muziki wa kigeni. Lakini lina swali jingine ndani yake: muziki wa Kenya ulikuwa upi? Kilichoweza kupigwa ni kilichokwisha kurekodiwa, na kilichokwisha kurekodiwa kilitoka katika miji yenye studio. Hata kama agizo lingedumu, bado nyimbo za delta zisingeingia hewani, kwa kuwa hazikuwa katika maktaba ya sahani. Uzalendo wa asilimia haukuweza kuziba pengo la hifadhi.

6.0 Enzi ya FM na swali la delta

Ukiritimba wa serikali ulivunjika katika miaka ya 1990. Capital FM ilianza Nairobi mwaka wa 1996 kama kituo cha kwanza cha binafsi cha FM, na Sheria ya Mawasiliano ya mwaka wa 1998 ikaweka utaratibu mpya wa leseni. Mwambaoni vikazuka vituo kama Baraka FM, Pwani FM ya shirika la umma, Radio Rahma na Radio Kaya. Jijini Nairobi, vijana wa Korogocho walianzisha Koch FM mwaka wa 2006, wakatangaza kutoka ndani ya kontena, na wakadhihirisha kwamba mtaa wa maskini unaweza kuwa na studio yake. Marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2009 yakaitambua redio ya kijamii kama fungu la pekee.

Hata hivyo, mawimbi ya FM yana tabia tofauti na mawimbi ya kati. Huenda kwa mstari ulionyooka, na hukoma upeo wa mlingoti unapokoma. Kwa hiyo wingi wa vituo mjini si wingi wa vituo mtoni. Kituo cha Mombasa husikika Garsen endapo mwenyewe ameamua kujenga mtambo wa kurushia upya karibu na huko, na uamuzi huo hutegemea soko la matangazo ya biashara. Mpaka wa maili 10 uliowekwa na wanadiplomasia umepata ndugu yake katika hesabu za wafanyabiashara.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika msiba. Baina ya Agosti 2012 na Januari 2013 mapigano ya Wapokomo na Waorma katika delta yaliua watu zaidi ya 100, wakiwamo wanawake na watoto, katika vijiji kama Riketa, Chamwanamuma na Kipao. Mapigano mengine yalikuwa yametokea mwaka wa 2001. Chanzo kilichotajwa mara nyingi ni ardhi na maji, hasa malka, yaani njia za mifugo kufikia mto kupitia penye mashamba. Siasa za kuelekea uchaguzi wa mwaka wa 2013 zilichochea moto huo. Wakati huo Kenya ilikuwa bado ina kidonda cha mwaka wa 2007 na 2008, ambapo redio za lugha za makabila zilishutumiwa kwa uchochezi. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na kesi ikakatishwa mwaka wa 2016.

Kutokana na historia hiyo kuna wanaoona kwamba redio ya lugha za kienyeji katika eneo la mizozo ni hatari isiyofaa kuthubutiwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini haijibu swali lote. Delta haikuwa na uhaba wa maneno ya chuki mwaka wa 2012. Yalisafiri kwa mikutano, kwa simu na kwa uvumi. Kilichopungua ni mahali ambapo wimbo wa mkulima ungesikika na mfugaji, na wa mfugaji ukasikika na mkulima, pamoja na mtangazaji anayewajibika kwa wote wawili kwa sababu anakutana nao sokoni. Wenyeji wanajua kwamba malka haifungi shamba wala haiwi mali ya mwenye ng'ombe. Ni njia iliyokubaliwa, na amani hutegemea makubaliano hayo yakikumbukwa. Masafa ya redio nayo ni mali ya umma yenye sura hiyohiyo. Kituo chochote kinachowatangazia watu wa Garsen kitapimwa kwa namna kinavyogawa zamu: Kipokomo na Kiorma vikipata saa zao, na Kiswahili kikibaki uwanja wa kukutania.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Sauti ya Mvita na warithi wake viliupa ushairi wa mwambao uhai mpya, vikawafikisha watunzi wa Mombasa na Lamu kwa wasikilizaji ambao vitabu visingewafikia. Wakati huohuo vilirithi mpaka wa zamani uliouona mto Tana kama mwisho wa Uswahili. Matokeo yake ni historia yenye upande mmoja: taarabu ina sahani, picha na tasnifu, ilhali nyimbo za delta zina wazee.

Kwa idara za fasihi hilo linaleta kazi mbili. Ya kwanza ni kuuingiza ushairi uliotangazwa katika mitaala, pamoja na majina ya watunzi ambao redio iliwaacha bila kuwataja. Ya pili ni kurekodi nyimbo za Tana kwa maneno yake na kwa muktadha wake, zikihifadhiwa mahali ambapo mwenyeji wa Ngao, Hola au Garsen anaweza kuzisikiza bila kuomba ruhusa London. Mafuriko ya Tana yamekwisha kuhamisha vijiji vingi, mwaka wa 1997 na baadaye, na kijiji kinapohama kwa ghafula si kila wimbo huhama nacho. Kenya nzima husimama inaposikia lahani iliyotoka huko. Maneno yake ya kwanza bado yanajulikana na waliolelewa nayo, na muda wa kuwauliza unazidi kupungua.